Kompleksi za shaba zenye ligandi mbili tofauti: zikiingia kwenye maji zinabaki zilivyo? (Uzi wa wanakemia)

Mwanabureti

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linaniuma muda mrefu na leo naliweka hapa, watu wa kemia, famasia na baiolojia karibuni tujadili kwa kina.

Ukipitia disatesheni nyingi za vijana wetu wa masta upande wa kemia isiyo ya kaboni, utakuta mtindo ni uleule. Mtu anachukua chumvi ya shaba, anaweka bipiridini (bpy) au fenantrolini (phen), anaongeza asidi amino kama glaisini, anachemsha, anapoza, anapata unga wa bluu safi kabisa, yaani kompleksi: shaba iliyoshikwa na hizo molekuli, ambazo ndizo ligandi. Anapima infraredi, anapima kaboni na haidrojeni na naitrojeni, mwenye bahati anapata na eksirei ya kristali. Baada ya hapo moja kwa moja kwenye sahani za E. coli na Staphylococcus aureus, anapima kipenyo cha duara na kuandika kwamba kompleksi yake imeua bakteria kuliko ligandi ikiwa peke yake. Kazi ngumu ya miezi, siidharau hata kidogo. Ila swali moja linarukwa: ile kitu yenye shaba, bpy na glaisini kwa pamoja, ilipoingia kwenye maji iliendelea kuwepo?

Kwa sababu shaba mbili chanya ni ioni isiyoshika kitu kwa muda. Molekuli ya maji iliyoshikwa na Cu2+ inabadilishana na maji mengine zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Linganisha na kromiamu tatu chanya, ambayo maji yake yanakaa siku kadhaa kabla hayajabadilishwa. Maana yake ni kwamba kwenye shaba hakuna cha kompleksi kubaki kama ilivyo eti kwa vile inachelewa kuvunjika, ukiimumunya tu msawazo unajipanga papo hapo, na kinachobaki kinaamuliwa na namba: konstanti za uthabiti (ligandi inaishika shaba kwa nguvu gani), pH na umezimua kiasi gani, yaani umeongeza maji kiasi gani. Kristali inakuambia kilichopenda kuganda, basi. Kwenye mmumunyo, ligandi zako mbili tukiziita A na B, unaweza kuwa na CuA, CuB, CuA2, CuB2, CuAB na shaba yenye haidroksidi, zote kwenye chupa moja.

Kwaiyo msimamo wangu ni huu, naomba mnipinge kwa hoja: kabla ya kusema kompleksi yako ya ligandi mchanganyiko imefanya kitu chochote kwenye seli, onyesha kwanza kwamba ipo, kwa kiwango na pH uliyotumia kwenye jaribio.

---

binti_wa_maabara

Nafuatilia kwa karibu maana niko hapohapo sasa hivi. Mwalimu, hizo konstanti tunaambiwa tusome ila hakuna anayetueleza tuzisomeje. Nikikuta logi β ni 15.9 nijue ni kubwa au ndogo? Na hii Δ log K ikiwa hasi si ina maana kompleksi ya mchanganyiko haitaki kutengenezeka?

---

Mwanabureti

Dada umeuliza penyewe, hapo ndipo wengi wanapotelea, ngoja tuende taratibu.

Anza na za kawaida. K ni nguvu ya ligandi moja kujiunga, β ni ya hatua zote kwa pamoja, na kwenye logi unajumlisha tu. Shaba na bpy moja, logi K ni karibu 8.0. Ya pili ikija inashuka hadi karibu 5.5. Glaisini ya kwanza karibu 8.2, ya pili karibu 6.8. Ethilinidiamini (en) ya kwanza karibu 10.5, ya pili karibu 9. Utaona kila mara ya pili inapata kidogo kuliko ya kwanza, hiyo ni kawaida maana nafasi zimepungua.

Sasa Δ log K inauliza hivi: glaisini inaipenda zaidi shaba tupu au shaba ambayo tayari imeshikwa na bpy? Unachukua logi K ya glaisini kujiunga na Cu(bpy), unatoa logi K ya glaisini kujiunga na Cu tupu. Helmut Sigel wa Basel ndiye aliyelishughulikia hili kwa undani miaka ya 1970, na namba zake ndizo kila mtu anaanzia. Cu(bpy) na en: −1.29. Cu(bpy) na glaisini: −0.35. Cu(bpy) na katekoli: +0.43.

Ukiona −0.35 usikimbilie kusema haitaki. Jiulize kwanza, kama ligandi hazina upendeleo wowote, namba ingekuwa ngapi? Chukua shaba yenye umbo la mraba bapa. Ligandi ya meno mawili ikija kwenye shaba tupu ina pande nne za kuchagua. Ikija wakati bpy imeshakaa, imebaki upande mmoja tu. Moja kwa nne, logi yake ni −0.6. Ukihesabu kwa umbo la nyuso nane (oktahedroni) lililo sawa pande zote, ya kwanza ina chaguo 12, ya pili 5, inakuja karibu −0.4. Na shaba kwa vile imevutika juu na chini kwa ile athari ya Jahn na Teller, wengi wanachukua hadi −0.9. Kwaiyo −0.35 kwenye shaba ni juu ya matarajio! Glaisini inafurahia kuikuta bpy pale. En kwa −1.29 iko chini ya matarajio, hiyo ndiyo haifurahii. Na katekoli kwa +0.43 ni jambo la ajabu kweli, inaipenda shaba iliyoshikwa tayari kuliko shaba tupu.

---

Wa_Eldoret

Hapo kwa katekoli nimeshtuka kidogo. Inakuaje ligandi ipende chuma ambacho kimeshajazwa nusu? Hii inaenda kinyume na vile tulifunzwa, eti ligandi ya kwanza inapunguza njaa ya chuma.

---

Mwanabureti

Ndugu yangu ulivyofunzwa ni kweli kwa ligandi ambazo zinatoa tu. Bpy inatoa kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine. Naitrojeni zake zinaipa shaba elektroni, lakini zile pete zina obitali tupu za pai zinazopokea elektroni za d kutoka kwa shaba. Shaba kwa hiyo haijapoa, imebaki na uchanya wake, na ligandi ya oksijeni yenye chaji hasi kama katekoli ikifika inakuta shaba ngumu yenye njaa ileile. Ongeza na kwamba en haina chaji, glaisini ina moja, katekoli ina mbili. Ndo maana mpangilio unakuja oksijeni mbili juu, halafu naitrojeni na oksijeni, halafu naitrojeni mbili chini. Umeona namba za Sigel zinafuata mstari huohuo.

Lingine ni nafasi. Kwa nini bpy ya pili inashuka toka 8 hadi 5.5? Zile haidrojeni za nafasi ya 6 na 6' kwenye bpy mbili zinagongana zikijaribu kukaa kwenye bapa moja, kwaiyo kompleksi inalazimika kujipinda. Glaisini ni nyembamba, haigongani na mtu. Shaba ikiwa na bpy moja na glaisini moja inapumua.

Na kuna kipimo kingine nakipenda zaidi kwa ajili ya swali letu, logi X. Hii inauliza: CuA2 na CuB2 zikichanganywa, zinapenda kubadilishana ziwe CuAB mbili? Bila upendeleo wowote jibu ni 0.6, na sababu yake ni ileile ya kurusha sarafu mbili: kichwa-kichwa mara moja, mkia-mkia mara moja, mchanganyiko mara mbili, na mbili kwa kipeo cha pili ni nne, logi ya nne ni 0.6. Kwa Cu, bpy na glaisini: logi β ya CuAB ni karibu 15.85, mara mbili 31.7, toa 13.5 ya Cu(bpy)2, toa 15.0 ya Cu(gly)2, unabaki na karibu 3.2. Zaidi ya mara mia tatu juu ya bahati tupu! Kwa namba hiyo, ukizingatia kubadilishana peke yake, karibu asilimia 95 ya shaba inabaki kama mchanganyiko. Kwaiyo wale wanaosema kompleksi za mchanganyiko ni za kubahatisha nao hawako sahihi. Zipo, na nyingine zina nguvu sana.

---

Mfamasia_Kariakoo

Basi mkuu mbona unajichanganya? Kama asilimia 95 iko salama, disatesheni za vijana zina tatizo gani? Mi naona kwa namba zako mwenyewe wako sahihi.

---

Mwanabureti

Mkuu swali zuri, jibu lake ndilo kiini cha uzi. Hiyo 95 ni ya kubadilishana kati ya CuA2 na CuB2, ambako ligandi zote zimebaki zimeshikwa. Haibadiliki ukizimua. Lakini kuna njia nyingine ya kuvunjika: glaisini kuachia na kwenda zake, Cu(bpy)(gly) kuwa Cu(bpy) na glaisini huru. Hii inabadilika sana ukizimua, na pH nayo inaisukuma. Tufanye hesabu hapa hapa, chukueni kalamu.

Logi K ya glaisini kwenye Cu(bpy) ni 8.2 toa 0.35, yaani karibu 7.85. Ila hiyo ni kwa glaisini iliyopoteza protoni. Kwenye pH 7 glaisini nyingi ina protoni yake, maana pKa yake (pH ambapo nusu imepoteza protoni) ni karibu 9.6. Tofauti ni 2.6, unatoa, unabaki na 5.25. Hiyo ndiyo nguvu halisi kwenye pH 7, K karibu 180,000.

Sasa weka kompleksi milimola 1 kwa lita. Kinachoachia ni karibu asilimia 7. Safi, ipo. Zimua hadi maikromola 10, kiwango ambacho watu wa seli wanafanyia kazi. Kinachoachia ni karibu asilimia 52. Nusu ya kompleksi yako imeshapoteza glaisini. Zimua hadi maikromola 1, karibu asilimia 87 imeachia. Wakati huohuo Cu(bpy), kwa logi yake ya 8, kwenye maikromola 10 inaachia karibu asilimia 3 tu.

Maana yake jaribio lako la seli kwa maikromola 1 ni jaribio la Cu(bpy) lenye glaisini inayoelea pembeni. Na nimefanya hesabu kwa upole, sijaweka haidroksidi wala kitu kingine chochote kilichomo kwenye chakula cha seli (mmumunyo wa kukuzia seli). Unga ni ule ule, chupa ni ile ile, infraredi ni ile ile, lakini kwa milimola ni kompleksi moja na kwa maikromola ni nyingine.

---

binti_wa_maabara

Dah. Nimerudia hesabu kwa kikokotoo na imetoka hivyohivyo. Sasa supavaiza wangu anasema tumeshathibitisha uthabiti, tulipima spektra ya mwanga unaoonekana mwanzo, baada ya saa 24 na baada ya saa 48 na haikubadilika hata kidogo. Hiyo si ushahidi?

---

Mwanabureti

Dada mwambie kwa heshima mambo mawili.

La kwanza, shaba inafika kwenye msawazo kabla hata hujafunga kifuniko cha kuveti. Spektra ya dakika ya kwanza na ya saa 48 kufanana inakuambia msawazo umetulia, haikuambii umetulia kwenye nini. Jaribio la muda lina maana kwa metali za polepole. Sisplatini kwa mfano, platini yake inachukua karibu masaa mawili kwa joto la mwili kupoteza nusu ya kloridi ya kwanza, pale ukifuatilia kwa saa unaona kitu kinatembea. Mbinu zilizotoka kwenye platini zimehamishiwa kwenye shaba bila kuangalia kwamba shaba ni mnyama mwingine kabisa.

La pili, ile bendi ya d-d (mwanga unaofyonzwa na elektroni za d za shaba) kwenye eneo linaloonekana ni dhaifu sana. Shaba yenye maji tu iko karibu nanomita 800, ikishikwa na amonia nne inakuja karibu 600, na nguvu yake (ufyonzaji kwa mola moja kwa lita kwenye sentimita moja) hata ikiwa na amonia ni kama 50 au 60 hivi. Kwa maikromola 10 kwenye kuveti ya sentimita moja unapata ufyonzaji wa 0.0006, mashine yako haioni kitu. Kwaiyo lazima mlipima kwa milimola, ambako kompleksi kweli ipo, halafu seli zikapewa maikromola ambako haipo. Ukitaka kuona kwa maikromola shuka kwenye UV, bpy ikishikwa na shaba inaonyesha bendi karibu 300 na 311, ina nguvu ya elfu kumi na zaidi. Ila kumbuka hiyo inakuambia bpy imeshikwa. Kuhusu glaisini imekaa au imeondoka, iko kimya.

---

Mtu_wa_Titresheni

Mwanabureti asante kwa kulileta hili, mi nimefanya titresheni za pH (unadondosha besi kidogokidogo huku unasoma pH) miaka mingi, naomba niongezee upande wa namna ya kupata hizo namba, maana vijana wakisikia konstanti ya uthabiti wanadhani lazima mashine ya mamilioni. Hapana. Unahitaji mita ya pH yenye elektrodi nzuri ya kioo, bureti nzuri, bika lenye koti la maji ya nyuzi 25, naitrojeni au agoni ya kupuliza kuzuia kaboni dayoksaidi, na uvumilivu. Ni mbinu ya zamani, Jannik Bjerrum wa Copenhagen aliitumia kwa amonia na metali na kuchapisha mwaka 1941, Irving na Rossotti wakairahisisha 1954, na bado ndiyo mama wa mbinu zote.

Sodiamu haidroksidi ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Ikivuta kaboni dayoksaidi ya hewani umekwisha, ina kaboneti na kaboneti nayo inashika shaba. Chemsha maji, poza yakiwa yamefungwa, tengeneza, kisha pima kwa potasiamu haidrojeni thaleti iliyokaushwa na uangalie kwa mchoro wa Gran kiasi cha kaboneti. Shaba usichukue mrututu wa duka la pembejeo, chukua chumvi safi ya maabara na uipime kwa EDTA ujue ni ngapi haswa, maana fuwele hizo zinapoteza maji ya ndani zikikaa kwenye hewa kavu.

Halafu usikimbilie mchanganyiko. Pima ligandi A peke yake upate pKa, pima B peke yake, pima shaba na A, shaba na B, hizo zote uzifunge kwenye programu ya kukokotoa konstanti, ndo uje kwenye shaba na A na B. Kama za msingi ni mbovu basi ya mchanganyiko itakuwa imebeba makosa yote ya nyuma, na programu haitakulalamikia, itakupa namba yenye desimali mbili kama kawaida.

---

Wa_Eldoret

Na bpy mnaipima aje? Sisi tulipojaribu, mchoro wa shaba na bpy ulikuwa karibu sawa na wa asidi tupu, programu ikakataa kutoa namba.

---

Mtu_wa_Titresheni

Programu ilikuwa sahihi kukataa. Bpy ina pKa ya karibu 4.4 tu, haishikilii protoni sana, na shaba inaipenda mno, kwaiyo hata kwenye pH 2 kwa milimola 1 karibu asilimia 95 imeshaungana. Ukianza titresheni yako pH 2.5 kazi imeisha kabla hujafungua bureti. Haidrojeni hazisogei tena kwa ajili ya bpy, mita ya pH haina cha kukuambia. Njia ni mbili: tumia UV kwenye asidi kali zaidi, au weka ligandi mshindani ambaye konstanti yake inajulikana. Au chukua namba iliyochapishwa, mradi iwe kwa joto na nguvu ya ioni (wingi wa chumvi kwenye mmumunyo) ileile unayotumia.

Habari njema ni kwamba kwa mchanganyiko hii inakusaidia. Cu(bpy) ikiwa imeshakamilika tangu mwanzo, titresheni yako inakuwa ya glaisini kujiunga na Cu(bpy), safi kabisa, unaiona kati ya pH 3 na 6. Kuanzia hapo ukipanda karibu na 7 na kuendelea jihadhari, Cu(bpy) isiyo na glaisini inaanza kushika haidroksidi na zinajifunga mbilimbili, weka hiyo spishi (aina ya kompleksi) kwenye modeli yako usije ukaiita jina lingine.

---

kijana_wa_masta

Wakuu mi yangu inaweka tope la bluu mpauko likifika pH 6 hivi, shaba milimola 2 na glaisini milimola 2. Nimeambiwa niongeze joto. Ni sawa?

---

Mtu_wa_Titresheni

Usiongeze joto dogo, utabadilisha konstanti zote na tope litabaki. Hiyo ni Cu(OH)2. Ukiwa na shaba na glaisini kwa uwiano wa 1 kwa 1, sehemu ya glaisini inakwenda kutengeneza Cu(gly)2 na shaba nyingine inabaki uchi. Shaba iliyo huru kwa milimola 1 inaanza kutuama karibu pH 5.7, kwaiyo 6 yako inaelezeka kabisa. Fanya uwiano wa 1 kwa 2 na 1 kwa 3, punguza shaba iwe milimola 1, na data zote za baada ya tope kuonekana zitupe, usiziingize kwenye hesabu hata kama mchoro unapendeza.

---

Mfamasia_Kariakoo

Nimeelewa hoja sasa, nairudisha kwa upande wangu. Kwenye damu kuna asidi amino kibao na protini. Kama glaisini inaachia kwa kuzimua tu, si ndo itakuwa balaa kabisa ikikutana na vitu vya mwilini? Na zile dawa za Mexico za kompleksi za shaba nazo vipi?

---

Mwanabureti

Mkuu hapo umefika kwenye nyama yenyewe.

Histidini inaishika shaba kwa logi karibu 10 ya kwanza, na mbili kwa pamoja karibu 18. Chakula cha seli kinachoitwa RPMI 1640 kina miligramu 15 za histidini kwa lita, sawa na karibu maikromola 100, na glutamini karibu milimola 2. Wewe umeweka kompleksi maikromola 10. Histidini peke yake ni mara kumi ya shaba yako! Ongeza seramu yenye albumini, ambayo mwanzo wa mnyororo wake, asparteti-alanini-histidini kwa binadamu, unaikamata shaba kwa nguvu kubwa kuliko asidi amino yoyote. Ndani ya seli kuna glutathayoni ya milimola kadhaa inayoigeuza shaba mbili chanya (Cu2+) kuwa shaba moja chanya (Cu+), na hiyo inapenda vitu vingine kabisa. Kwaiyo glaisini yako haina kesi pale.

Lakini lipo pia la kufurahisha. Mwili wenyewe unatumia kompleksi za ligandi mchanganyiko. Bibudhendra Sarkar na Theo Kruck kule Toronto miaka ya 1960 waliangalia ile shaba kidogo ya kwenye seramu isiyoshikwa na protini, wakakuta imekaa na asidi amino, na ya muhimu ikiwa ni histidini pamoja na threonini au glutamini kwenye shaba moja. Zile namba za β ndizo zilizosaidia kujua hayo, maana kwa kiwango kidogo vile huwezi kuitoa ukaiganda. Na kazi hiyo ya histidini haikuishia kwenye karatasi, shaba-histidini imekuja kutumika kama sindano ya chini ya ngozi kwa watoto wenye ugonjwa wa Menkes, ambao wana hitilafu kwenye jini ya ATP7A na shaba haifiki inakotakiwa. Hapa uthabiti umechaguliwa kwa akili: inashika vya kutosha shaba isidhuru njiani, na inaachia inapohitajika.

Za Mexico unazungumzia Casiopeínas za Lena Ruiz-Azuara wa UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico. Ndiyo, ni shaba yenye phen au bpy iliyowekewa methili, pamoja na asidi amino au asetiliasetoni, na mojawapo, Casiopeína III-ia, imefika majaribio ya awamu ya kwanza kwa binadamu. Nawaheshimu sana. Ila hata kwa hizo swali linabaki lilelile, kinachofika kwenye DNA ni nini. Tangu 1979 kundi la David Sigman lilionyesha kwamba shaba na phen mbili, bila ligandi ya tatu yoyote, inakata DNA. Kwaiyo ukiona kompleksi ya phen na asidi amino imekata DNA, mtuhumiwa wa kwanza ni Cu na phen. Ligandi ya pili inaweza kuwa imesaidia kupenya utando wa seli, au kuyeyuka vizuri, au haijafanya kitu. Lazima uonyeshe.

---

binti_wa_maabara

Sasa mwalimu kwa mtu kama mimi ambaye unga tayari nimetengeneza na muda uliobaki si mwingi, nifanye nini ili kazi isimame? Sina uwezo wa kuanza titresheni za miezi.

---

Mwanabureti

Dada kazi yako haijapotea hata kidogo. Kwa haraka zaidi fanya vidhibiti ambavyo watu wanaviruka. Kwenye sahani ileile weka chumvi ya shaba peke yake, ligandi A peke yake, ligandi B peke yake, shaba na A tu, na mwisho, hiki usikiache: shaba na A na B ulivyovichanganya tu kwenye maji bila kutengeneza unga wowote, kwa uwiano na mola zilezile. Kama mchanganyiko wa papo kwa papo umefanya sawasawa na unga wako, basi unga ulikuwa njia ya kubeba vitu vitatu hadi kwenye kisima cha sahani, na hilo ni tokeo halali, liandike. Kama shaba na A tu imefanya sawasawa, liandike pia. Na uandike kwa mola, achana na miligramu, maana phen peke yake ni sumu na kipenyo cha duara kinategemea pia kitu kinatembea vipi kwenye agari.

Cha pili, tafuta namba zilizochapishwa za ligandi zako, au za ndugu zake wa karibu, uziweke kwenye programu ya bure kama HySS au Medusa, utoe mchoro wa spishi (ipi ipo kwa asilimia ngapi) kwa kiwango chako cha jaribio na pH 7.4, na uingize histidini ya chakula cha seli humohumo. Ni kazi ya siku moja. Mchoro mmoja wa hivyo kwenye disatesheni una thamani kuliko kurasa kumi za vilele vya infraredi.

---

kijana_wa_masta

Aisee hii ya mchanganyiko bila unga sijawahi kuiona popote, naifanya wiki ijayo. Swali la mwisho wakuu, chumvi ya kushikilia nguvu ya ioni nitumie ipi? Kwenye stoo kuna sodiamu pakloreti, potasiamu kloridi na potasiamu naitreti.

---

Mtu_wa_Titresheni

Pakloreti ndiyo wanayoipenda wakubwa kwa sababu haishiki shaba kabisa. Ila elektrodi yako kama ndani ina potasiamu kloridi ya kawaida, potasiamu ikikutana na pakloreti pale kwenye kiungo cha elektrodi inatengeneza KClO4, haiyeyuki vizuri, inaziba, na mita inaanza kutembeatembea bila wewe kujua kwa nini. Utabadilisha mmumunyo wa ndani uweke sodiamu kloridi kwanza. Na kompleksi za pakloreti zenye ligandi za kaboni zikikauka zinaweza kulipuka, usizikwangue na kijiko cha chuma wala kuzipasha moto.

Potasiamu kloridi iache, kloridi inaishika shaba kidogo na itakuharibia hesabu hasa upande wa asidi. Chukua potasiamu naitreti mola 0.1, kalibreti elektrodi kwa titresheni ya asidi kali na besi kali ndani ya naitreti hiyohiyo ili usome kiwango cha haidrojeni chenyewe, na pKw uweke 13.78 kwa nyuzi 25. Ukipata mchoro uweke hapa tuuangalie pamoja.